Muuzaji Hupanda Safari ya Kwanza

Tangazo lilibandikwa ndani ya choo cha umma karibu na bwawa, kwenye ukuta ambao kila mwanamume lazima asimame mbele yake japo dakika moja akiwa hana kingine cha kufanya. Lilisema kwamba, kwa kuwa maji ya bwawa lile ndiyo yanayonywewa na mji mzima, kuanzia mwezi ujao injini za petroli zimepigwa marufuku. Boti zitakwenda kwa makasia au kwa umeme. Chini kulikuwa na muhuri.

Wavuvi walilisoma wakatukana. Mkurugenzi alilisoma mara mbili, akafunga zipu, akatoka nje na uso wa mtu aliyeitwa kazini.

Mkurugenzi hakuwa akiongoza kitu chochote. Jina lilitokana na koti, ambalo alilivaa hata jua likiwa la kuchoma ngozi, na mkoba wa ngozi uliokuwa na gazeti la zamani, kitana na kidau cha wino wa mihuri. Katika utumishi wake kwa umma alikuwa amewahi kuuza viwanja vinne ndani ya uwanja wa mpira, vyeti vya kozi ambayo haikufundishwa, na kifaa cha kupunguza bili ya umeme ambacho ndani yake kulikuwa na saruji, ili kiwe na uzito wa kuaminika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma na watu, ndiyo maana hakupenda kuwepo wanapofungua boksi.

Siku ya tatu baada ya tangazo, friji ya mkewe iliondoka nyumbani. Ilikuwa friji ambayo mke huyo aliuzia maji baridi na juisi dirishani, na ndiyo iliyolisha nyumba miezi ambayo ukurugenzi haukulipa, yaani miezi yote.

"Imepelekwa kwa fundi, inavuja gesi," alisema Mkurugenzi.

"Jana ilikuwa haivuji," mkewe alisema.

"Gesi haionekani, mke wangu. Hapo ndipo hatari yake ilipo."

"Mwisho wa wiki friji iwe hapo ilipokuwa," mkewe akasema. "La sivyo na mimi nitavuja, na sitaonekana."

Friji ilikuwa imegeuka mota ya boti ya umeme. Mota ya kweli kabisa, iliyotumika kidogo, aliyouziwa kwa bei ya kutupa na mzee mmoja aliyekuwa anahama na asiyejua alichokuwa nacho: mti mrefu mweusi, kishikio cha kuongozea juu, pangaboi chini, na nyaya mbili nene za kwenda kwenye betri. Ukiiwasha haipigi kelele. Inanong'ona tu.

Hiyo ilikuwa ya kuonyesha. Za kuuza zilitengenezwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kusuka mota mwenye karakana nyuma ya kiwanda cha mbao. Shemeji alichukua mabomba, akayapaka rangi nyeusi, akafunga kwenye ncha mota za feni ya rejeta ya gari, akaweka pangaboi la plastiki.

"Zitazunguka?" aliuliza Mkurugenzi.

"Hewani, vizuri sana."

"Na majini?"

Shemeji alifikiri. Alikuwa mtu wa maneno machache na alimwogopa dada yake kuliko polisi. "Dakika tatu," akasema. "Baada ya hapo utapata maji ya moto."

Mpango ulikuwa mwepesi kama mipango yote iliyomfikisha Mkurugenzi alipo. Unaonyesha mota ya kweli. Unapokea pesa. Unakabidhi boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi mara sita, na kumwambia mteja asilifungue kabla ya siku tatu, mpaka mtaalamu wa usajili afike, la sivyo dhamana inakufa. Siku tatu zinatosha mtu mwenye mkoba mmoja kubadilisha mji.

Tatizo lilikuwa betri. Pesa ya friji iliishia kwenye mota. Shemeji alimpa betri chakavu ya lori iliyokuwa inazuia mlango wa karakana usifungwe na upepo. Waliiosha kwa sabuni, wakaibandika stika mpya iliyoandikwa MIAKA 5. Haikuandikwa miaka mitano ya nini.

Maonyesho yalifanyika kwenye gati ndogo ya mbao ambapo boti za wavuvi hufungwa. Mkurugenzi aliazima boti, akaipachika mota nyuma, akaifunga boti yenyewe kwa kamba kwenye nguzo ya gati, akasimama juu ya mbao kavu na kuwasha kwa kunyoosha mkono. Maji yakachemka povu, kamba ikakakamaa kama inataka kung'oa nguzo. Wavuvi wakasema aaa.

"Mbona umeifunga?" aliuliza mmoja.

"Usalama," alisema Mkurugenzi. "Nikiiachia hii, ndugu yangu, utaifuata kwa basi."

Akaizima haraka. Aliizima kila baada ya dakika mbili, kwa sababu za kitaalamu.

Mwenyekiti wa wavuvi, mtu mnene mwenye mnyororo wa funguo nyingi kuliko milango yake, alimvuta pembeni. "Mimi ni mtu wa kanuni," akasema.

"Nimeona hivyo usoni."

"Kanuni yangu ni kumi kwa mia. Kwa kila mota itakayouzwa kwenye gati hii. Mkononi, siku hiyohiyo."

"Hata nikikuta mteja mmoja tu?"

"Hata ukimuuzia mama yako."

Walipeana mikono kwa heshima kubwa.

Mteja wa kwanza alitoka nyuma ya umati, mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, amejitanda khanga iliyopauka, na makasia mawili kwenye bega la kushoto. Watu wote pale walimwita Mama Makasia, kwa sababu hakuwahi kuyaacha makasia yake kwenye boti hata siku moja. Alikwenda nayo nyumbani, na wenye ndimi walisema alilala nayo. Tangu mumewe afariki alikuwa amevua peke yake miaka kumi na tisa. Lakini ilikuwa miezi miwili sasa bega lake la kulia lilikuwa haliruhusu mkono kupanda juu ya sikio, na mkwewe, mume wa binti yake, alikuwa ameshapata mnunuzi wa boti. Mkwe alikuwa ameanza hata kuiita "ile boti", kama mtu anavyomtaja marehemu.

Mkurugenzi hakuyajua hayo. Aliona khanga iliyopauka na akamhurumia kabla ya wakati, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya biashara.

"Karibu mama yangu! Umefika kwenye mwisho wa mateso."

"Inasukuma kiasi gani?" aliuliza Mama Makasia.

"Mama, hapa unaongea na farasi watano, wamejificha ndani ya..."

"Farasi ni wa petroli. Hizi hupimwa kwa paundi za msukumo. Imeandikwa ubavuni hapo, hamsini na tano. Kwa boti yangu na mimi na samaki inatosha. Nilikuuliza nione kama unajua."

Wavuvi walicheka. Mkurugenzi alicheka nao, sekunde moja baadaye.

Mwezi mzima mwanamke yule alikuwa amezunguka maduka ya mjini akiuliza. Mota mpya ya bei ya chini kabisa ilikuwa na bei ya pikipiki. Alikuwa ameambiwa mti ukiwa mfupi pangaboi linachapa hewa, ukiwa mrefu mno linachimba matope. Akainama sasa, akapima kwa shubiri kutoka ukingo wa boti mpaka chini, akatikisa kichwa kukubali.

"Betri inakaa muda gani?"

"Saa nane. Tisa, usipoisumbua."

"Ni ya aina gani?"

"Ya Kijerumani."

"Nimeuliza aina, sijauliza kabila. Ya gari ni ya kuwashia, inatoa nguvu mara moja halafu inachoka. Kazi hii inataka kama zile za sola, zinazotoa polepole."

"Ndiyo hiyohiyo, mama! Umenitoa maneno mdomoni."

Mama Makasia aliikwaruza stika kwa kucha, akaitazama kucha yake.

"Bei?"

Mkurugenzi alitaja bei. Ilikuwa nusu ya bei ya duka, kiasi kilichopimwa vizuri: ya juu vya kutosha mtu asishuku, ya chini vya kutosha asilale.

"Nachukua hii."

"Yako iko kwenye boksi, mama. Mpya, haijaguswa na mkono wa mtu."

"Sitaki ambayo haijaguswa. Nataka hii niliyoiona ikizunguka."

"Hii ni mali ya kampuni. Sampuli."

"Haya, kwaheri." Akayarudisha makasia begani.

Hapa Mkurugenzi alifanya hesabu ya haraka kichwani. Amuuzie ile ya kweli leo, achukue pesa. Kesho kutwa aje na gari la kukodi: sevisi ya kwanza, bure, zawadi ya kampuni. Aondoke na ya kweli, arudishe bomba la Shemeji. Atakuwa amemuuzia mtu mmoja mota mbili na kubaki na moja. Aliona aibu kidogo kwamba hakuwa amelifikiria hilo tangu mwanzo.

"Mama, subiri! Kwa heshima ya umri wako, kampuni itanisamehe."

Mama Makasia alitoa bahasha kifuani, akamkabidhi mbele ya watu wote. Mkurugenzi akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Kichwani tayari alikuwa mlangoni kwake na friji juu ya mkokoteni.

"Safi," alisema Mwenyekiti, akipiga makofi. "Kesho asubuhi safari ya kwanza."

"Nawatakia safari njema," alisema Mkurugenzi.

"Tunakutakia wewe. Hapa muuzaji hupanda safari ya kwanza. Mpaka katikati ya bwawa na kurudi."

"Nani?"

"Muuzaji. Kuna fundi seremala alituuzia boti za mbao mbichi, akasimama hapo ulipo akitupungia mkono tukizama. Tangu siku hiyo ukituuzia boti, unapanda. Ukituuzia injini, unapanda. Hata aliyetuuzia jaketi za kuokolea alivaa moja akarukia maji."

"Ikawaje?"

"Alielea. Kumbe alikuwa mtu mwaminifu," alisema Mwenyekiti kwa huzuni. "Yeye mwenyewe alikuwa haamini."

Mkurugenzi alisema ana kikao. Wavuvi walisema watamngoja amalize. Alisema atamtuma mwakilishi. Wakamwuliza kama bahasha nayo imeingia kwa mwakilishi. Mtu mmoja alikuwa ameshakaa juu ya mkoba wake.

Kuna jambo moja ambalo Mkurugenzi hakuwahi kumwambia mtu, na sasa lazima lisemwe. Alikuwa hajui kuogelea. Alioga kwa kopo maisha yake yote kwa sababu ndoo ilimtia wasiwasi.

Saa kumi jioni alikuwa karakanani kwa Shemeji, betri mapajani, na wavuvi wawili waliomsindikiza kwenda kuichaji wakimngoja nje.

"Hii itafika katikati ya bwawa na kurudi?"

"Ukienda taratibu, huenda ikafika katikati."

"Na kurudi?"

"Unajua kuogelea?"

"Sijui."

Shemeji aliweka chini koleo. "Dada anajua kwamba hujui?"

"Hayo yanahusu nini?"

"Niachie hiyo betri," alisema Shemeji. "Nitaichaji mpaka asubuhi. Nitaipa kila nilicho nacho."

Asubuhi Mkurugenzi alipoinyanyua, betri ilikuwa nzito kuliko jana. Hakushangaa. Kila kitu kilikuwa kizito asubuhi ile, hata miguu.

Bwawa lilikuwa tulivu. Mama Makasia alikuwa ameshaifunga mota nyuma ya boti yake, boti ndogo ya buluu iliyozibwa kwa lami sehemu tatu. Makasia yalilala sakafuni.

"Betri iwekwe hapa, miguuni pangu," alisema. "Kwa mizani. Na wewe kaa mbele, unitazame mimi, usitazame maji."

"Asante, mama."

"Koti huvui?"

"Ni sare."

Wavuvi na Mwenyekiti walisimama kwenye gati kama watu wa mazishi yanayokwenda vizuri. Mama Makasia alizungusha kishikio, mota ikanong'ona, na gati ikaanza kurudi nyuma. Mkurugenzi alishika kingo zote mbili za boti, akafumba macho na kuanza kuhesabu dakika.

"Polepole, mama," alisema bila kufumbua. "Kwa faida ya mota."

"Naenda namba mbili."

"Kuna namba moja?"

Walikwenda. Upande wa nyuma mwanamke yule aliongoza kwa mkono wa kushoto, na uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo hakuna aliyeiona kwa miezi miwili. Bega la kulia lililala pembeni kama mgeni. Alikaribia kutabasamu, lakini alikuwa na kazi.

Kwenye dakika ya kumi na nane ya hesabu za Mkurugenzi, mnong'ono ulikatika.

Alifumbua macho. Pande zote kulikuwa na maji, na gati ilikuwa na ukubwa wa kiberiti.

"Imezima," alisema Mama Makasia.

"Ina... inapumzika."

"Saa nane zimeshafika?"

"Mama, betri za Kijerumani zinajilinda zenyewe. Zikihisi safari imekuwa ndefu, zinafunga. Ni teknolojia."

"Basi iambie ifungue."

Mkurugenzi aliitazama betri kwa mbali, jinsi mtu anavyomtazama ndugu aliyemwaibisha ukweni. Hakusogea. Alimgeukia mwanamke yule na kutoa tabasamu lake la viwanja ndani ya uwanja wa mpira.

"Piga makasia basi, mama yangu. Wewe ndiye Mama Makasia."

"Bega halipandi. Ndiyo maana nilinunua mota."

Mkurugenzi akayachukua mwenyewe. Alivuta la kulia, boti ikageuka kushoto. Alivuta la kushoto, ikageuka kulia. Akayavuta yote kwa pamoja kwa nguvu ya mtu anayemwogopa Mungu, na boti ikazunguka mahali palepale mara mbili na nusu. Kutoka kwenye gati, kwa umbali, ilionekana kama kuna mtu anafurahi.

"Kadi uliyonipa jana ina namba ya huduma kwa wateja," alisema Mama Makasia. "Umeandika fundi wa zamu yupo saa zote." Akatoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa plastiki, akabonyeza tarakimu moja moja.

Mfuko wa koti ukaanza kulia.

Uliendelea kulia kwa muda mrefu.

"Hapokei," alisema Mama Makasia, akakata. "Labda yuko safarini."

Kisha alifungua kopo, akatunga chambo kwenye ndoano, akatupa mshipi majini. Mkurugenzi alimwangalia kama anayemwona mtu akisuka nywele nyumba ikiungua.

"Mama, unafanya nini?"

"Navua. Samaki wa hapa wanapenda kimya. Ndio uzuri wa mota hii, hata ikizima hujui."

"Na sisi tunakwenda wapi?"

"Upepo unaelekea kule kwenye ukuta wa bwawa. Pale maji yanaingia bomba la mji." Alimpima kwa macho. "Koti lako litaziba siku mbili, halafu litapita."

Mkurugenzi aliutazama ukuta. Aliona, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, jinsi mambo yanavyokuwa upande wa pili wa boksi.

"Mama, nitakurudishia nusu."

Mshipi ulitikisika. Mama Makasia alivuta samaki wa saizi ya kiganja, akamtoa ndoano, akatunga chambo kingine.

"Robo tatu!"

"Unawatisha."

"Zote! Mama, zote, hizi hapa, nilipokea jana sijazigusa!" Bahasha ilikuwa imeshatoka mfukoni.

"Zote za nini? Mota umeniuzia, nimekulipa, watu wameona. Mimi si mtu wa kula vya watu."

"Basi... za kupiga makasia. Nakukodi. Unifikishe kwenye gati."

Mama Makasia aliufunga mshipi taratibu. "Hiyo ni kazi halali," akasema. "Lete."

Bahasha iliingia kifuani ilikotoka.

"Na yale maboksi uliyoyapanga kwenye gari la mkaa nyuma ya choo?"

"Yana mabomba, mama. Na feni za magari."

"Utaondoka nayo?"

"Leo hii."

"Haya. Kaa katikati, usitikisike."

Alipiga makasia. Kushoto alivuta vizuri, kulia alivuta akiuma meno. Kila mivuto kumi alisimama, akashika bega, akapumua, akaendelea. Mkurugenzi alimtazama jasho likimtiririka shingoni, na kwa kweli moyo ulimuuma. Alijiambia atabadilika. Atarudi kwa mkewe, ataungama habari za friji, atafanya kazi ya mikono. Toba ile ilikuwa ya dhati kabisa, na ilidumu mpaka boti ilipogusa gati.

Alitambaa juu ya mbao kwa magoti. Wavuvi walimsaidia kusimama. Hapo, miguu ikiwa mahali pakavu, kichwa nacho kilirudi kazini.

"Mama," alisema, akipangusa koti, "hiyo mota nitaondoka nayo kidogo. Hitilafu ndogo. Sevisi ya kwanza ni bure." Akanyoosha mkono kuikamata.

Mama Makasia alisukuma gati kwa ncha ya kasia. Boti ikateleza nyuma hatua tatu. Akainama miguuni pake, akaokota waya mwekundu uliokuwa umelala pembeni ya betri, akaubana mahali pake. Akazungusha kishikio.

Mota ikanong'ona.

Mkurugenzi alibaki na mkono wake umenyooka juu ya maji.

"Uliuchomoa," alisema.

"Kwa kidole cha mguu," alisema Mama Makasia. "Nilitaka kujua tu. Mota ikizima, anayejua ameuza kitu kizuri anaangalia waya kwanza. Ungeuangalia, ningekushukuru, na pesa ungeenda nazo. Wewe uliniangalia mimi."

Aliigeuza boti ya buluu kwa mkono mmoja, namba tano safari hii, akaondoka akiwa ameketi wima, makasia yamelala miguuni kama mbwa wazee.

Mkurugenzi hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa gati akingoja. Betri ile aliijua. Aliiosha kwa sabuni kwa mikono yake. Ilikuwa imebakiza dakika chache sana, kisha boti itasimama katikati, mwanamke atapunga mkono, na biashara itaweza kuzungumzwa upya. Dakika kumi zilipita. Ishirini. Boti ilipita mbele ya ukuta, ikazunguka mwisho wa bwawa ambako kwa makasia alikuwa haendi tena, ikaingia nyuma ya matete. Saa nzima ilipotimia ilitokeza upande wa pili, bado inakata maji vizuri tu, na sauti ya mwanamke ikamfikia kwa mbali:

"Betri yako ni nzuri sana, mwanangu! Asante!"

Simu ililia mfukoni. Alikuwa Shemeji.

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Nilikuwa na wasiwasi," alisema Shemeji. Kwa siku ile alikuwa ameongea kuliko wiki nzima. "Nisingeweza kumtazama dada. Ile ya lori niliitupa, nikahamishia stika kwenye betri ya sola ya karakana yangu. Mpya ile, haina miezi miwili. Ina uwezo wa kwenda mpaka jioni. Sasa nirudishie kabla ya saa sita, nina kazi ya mteja."

Mkurugenzi aliifuata boti ya buluu kwa macho.

"Shemeji? Unanisikia? Iko wapi betri?"

"Inafanya kazi," alisema Mkurugenzi, akakata.

Kivuli kinene kilisimama pembeni yake na mnyororo wa funguo ukalia. Mwenyekiti alikuwa amenyoosha kiganja.

"Mauzo yamekamilika," alisema. "Safari imekwenda, imerudi, mteja ameridhika, gati nzima imemsikia. Kumi kwa mia."

Mkurugenzi alijipapasa mfuko wa ndani upande wa moyo, ambao ulikuwa mtupu. Kisha, polepole, kama askari anayerudisha vyeo, akaanza kuvua koti.